Nimemfundisha mwanangu hesabu kwa bao, na nimemfundisha kumficha baba yake

Barua ya wiki hii imetoka Mtwara mjini. Majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi tumeyaondoa.

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Magomeni, asubuhi nauza vitumbua. Mume wangu ana shamba la mikorosho upande wa Nanyamba, kwa hiyo kuanzia msimu wa kupuliza dawa mpaka minada inapoisha yuko huko siku nne au tano za wiki. Jambo ninalokuandikia limenikaa kifuani tangu mwezi wa sita.

Binti yangu wa pili ana miaka kumi, yuko Darasa la Nne, na mwaka huu anafanya upimaji wa kitaifa. Kusoma anasoma vizuri, hata hadithi anasimulia mpaka majirani wanasogea. Hesabu ndiyo iliyomshinda. Mtihani wa mwezi wa tatu alipata 14 kati ya 50. Ile karatasi aliikunja mpaka ikawa ndogo kama pipi akaificha chini ya ndoo ya maji, nikaiona siku naosha ndoo. Baba yake akamwandikisha twisheni ya jioni, shilingi 500 kwa siku. Anakwenda, lakini watoto ni zaidi ya arobaini kwenye baraza moja, na ukimuuliza leo mmesoma nini anasema wamenakili.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Mikindani, mcheza bao. Alipofariki niliomba kitu kimoja tu, bao lake la mninga, mashimo yake yamelainika kwa vidole vyake. Alinifundisha nikiwa mdogo kama huyu binti, uani, maana barazani walikaa wanaume. Usiku mmoja umeme ulikatika, mtoto analia na jedwali la kuzidisha, nikalitoa. Hatukuweka daftari tena usiku ule. Kuanzia hapo karibu kila jioni tunacheza. Kete sita zimepotea, tunajazia na korosho. Nimemchorea pia nyoka na ngazi kwenye boksi la biskuti, vyumba mia, tunatumia dadu ya ludo ya jirani. Akitupa nne anasogea akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. Na tulikuwa na karata: kila mtu anafunua mbili, anajumlisha, mwenye nyingi anachukua zote.

Karata ndizo zilizoleta matatizo. Mume wangu alirudi akatukuta nazo. Sijawahi kumwona vile. Alizichana, akazitupa chooni, akasema hataki kuona mchezo wowote ndani ya nyumba yake mpaka mtoto amalize upimaji. Acha nimtetee pia: mdogo wake misimu miwili iliyopita alipoteza fedha zote za korosho kwenye kamari, na nusu ya shamba imeuzwa. Mume wangu ndiye aliyelipa madeni. Yeye mwenyewe Jumapili hukaa kijiweni anacheza drafti kwa vizibo vya soda, lakini anasema huo ni wa watu wazima waliomaliza kazi zao.

Nikaliweka bao chini ya kitanda. Baada ya wiki moja tukaanza tena, siku anazokuwa shamba. Nilimwambia binti, "Usimwambie baba." Nilisema hivyo tu.

Mtihani wa mwezi wa saba alipata 27. Baba yake alichinja kuku, akampigia simu mwalimu wa twisheni kumshukuru mbele yetu. Binti akaniangalia. Nikainamia sufuria.

Wiki mbili zilizopita mume alirudi Jumatano badala ya Ijumaa. Kusikia pikipiki tu mlangoni, binti alizoa kete zote akazisukuma chini ya mkeka, bao likaenda nyuma ya kochi, akafungua daftari la Sayansi. Baba alipoingia akamwambia, "Shikamoo baba, tunasoma." Uso wake haukubadilika hata kidogo. Baba akamshika kichwa akasema, "Hivyo ndivyo." Mimi kwanza nilifurahi tumepona. Usiku sikulala. Sikumfundisha kusema vile, Shangazi, lakini alikuwa ameshajua.

Mama mkwe tunakaa naye na anajua kila kitu. Kwa mwanawe hajasema, ila mimi ananiambia mawili: mwanamke kucheza bao ni aibu, na dadu ni haramu. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ananicheka kwamba namwachia mdogo wake ashinde, na ni kweli namwachia, maana akifungwa anasusa.

Nimwambie mume wangu? Niache mpaka upimaji upite? Au niendelee kimya, kwa kuwa mtoto anapanda?

Mama mwenye bao chini ya kitanda, Mtwara

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jana usiku, leo asubuhi nikairudia. Mara ya kwanza niliona mama anayeuliza kama michezo inamfaa mwanawe. Mara ya pili nikaona kwamba hilo unalijua tayari, na kinachokunyima usingizi ni ule uso wa mtoto usiobadilika. Una binti aliyekuwa anaficha karatasi ya mtihani chini ya ndoo, na sasa anaficha kete chini ya mkeka. Una mume aliyeumizwa na kamari ya ndugu yake. Una mama mkwe aliyekutunzia siri ambayo angeweza kuitoa. Na wewe mwenyewe umebeba bao la marehemu baba yako, Mungu amrehemu, na nadhani ukilitoa unakuwa tena yule mtoto wa uani.

Nianze na huyo mume wako, maana nahisi umemsoma haraka. Umeandika kwamba hataki michezo. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, mchezo wa kwanza aliomkuta nao mtoto wake mikononi ulikuwa karata. Shupaza na kopa, zinazomkumbusha kamari iliyokula nusu ya shamba. Mtu aliyelipa madeni ya ndugu kwa kuuza nusu ya mikorosho, akamkuta binti yake wa miaka kumi anakusanya karata za wenzake na kusema nimeshinda, kwa sekunde ile anaona nini? Alipiga marufuku "mchezo wowote" akiwa na hofu. Sijui kama bao lilikuwa kichwani mwake hata kidogo. Huenda lilikuwemo, na huenda ni kweli anaona michezo yote ni upotevu wa muda mwaka huu wa upimaji. Mzazi anayelipa 500 kila jioni ana haki ya kutaka kuona daftari. Ila hayo ni mambo mawili tofauti, na hujamuuliza ni lipi. Na katikati ya malalamiko umepitisha sentensi moja kuhusu drafti ya Jumapili. Mimi hiyo sentensi nimeipigia mstari. Anayecheza drafti anajua kufikiria hatua tatu mbele. Hilo hutahitaji kumfundisha.

Sasa nikuulize na wewe. Una uhakika ni bao lililomtoa 14 likampeleka 27? Katika miezi hiyo hiyo alikuwa anakwenda twisheni. Katika miezi hiyo hiyo pia mama yake, anayeamka usiku kuandaa vitumbua, alikuwa anakaa naye chini kila jioni bila kumkaripia. Mtoto aliyekuwa akilia na jedwali akapata mtu wa kucheka naye juu ya namba. Ukiniuliza ni lipi kati ya hayo matatu, sitaweza kuyatenganisha, na wewe pia hutaweza. Nasema hivi kwa sababu nimeona uchungu wako alipompigia mwalimu simu, na uchungu huo ni halali. Lakini ukienda kwa mume wako na kauli ya "ni mimi, si mwalimu", mmoja wenu itabidi ashindwe pale pale, na mazungumzo yatageuka kuwa ya nani mkweli kuhusu hesabu.

Kwamba michezo ya namba inaweza kusaidia, hilo si la kubahatisha. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa shule ya awali wa familia za kipato kidogo. Wengine walicheza mchezo wa ubao wenye vyumba vya namba 1 mpaka 10 vilivyopangwa mstari mmoja, wengine mchezo ule ule ila vyumba vina rangi tu. Vipindi vinne vya kama dakika 15 kila kimoja, ndani ya wiki mbili. Waliocheza wa namba walipanda katika kuhesabu, kuzisoma tarakimu na kujua ipi kubwa kuliko ipi. Wa rangi hawakupanda. Baadaye, mwaka 2014, Siegler na Elida Laski walionyesha jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja, kwa mchezo wa vyumba mia: ilimfaa zaidi mtoto aliyetaja namba za vyumba anavyopita kuliko aliyehesabu moja, mbili, tatu. Watoto hao walikuwa wadogo kuliko binti yako, kwa hiyo usiyachukue kama dawa. Lakini rudi kwenye boksi lako la biskuti. Akiwa chumba cha 36 akapata nne, asiseme "moja, mbili, tatu, nne". Aseme "37, 38, 39, 40". Hapo anajumlisha bila kujua. Halafu muulize: bado ngapi ufike 100?

Na angalia pia mistari yako inakwendaje. Nyoka na ngazi ya kawaida hupanda ikipinda, mstari mmoja kwenda kulia, unaofuata kurudi kushoto. Mtoto ambaye namba zinamchanganya hupotea kwenye zile kona. Ukichora upya, kila mstari uanzie kushoto, ataona 14, 24, 34 zimepangana juu kwa juu.

Kwenye bao ndiko una hazina, na sina hakika kama umeifungua yote. Mtoto analia na jedwali la kuzidisha, nawe umemwekea mbele mashimo 8 kila safu, 16 kila upande, 32 bao zima, na kete 64. Mwache aone mwenyewe kwamba kila hatua ni mara mbili ya iliyotangulia. Mkianza kunamua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi moja moja, nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, ina kete 6, mashimo mawili ya pembeni yake yana mbili mbili, hizo 10. Kila mchezaji ana 32, kwa hiyo mkononi zinabaki ngapi? Asizihesabu. Akuambie kwanza, aandike 32 kutoa 10, ndipo afungue kiganja ahakikishe. Na kabla hajainua kete za shimo lolote, muulize ya mwisho itaangukia wapi. Marehemu baba yako nadhani alikuuliza hivyo hivyo. Shimo likiwa na kete 16 na akazisambaza zote kuanzia shimo linalofuata, ya mwisho itarudi pale pale alipoanza. Mwulize kwa nini, kisha nyamaza umpe muda.

Lile neno "aandike" nimelisema makusudi. Barua yako inasema hatukuweka daftari tena. Upimaji unafanyika kwa penseli na karatasi, na mtoto anaweza kuwa hodari wa kete asijue kwamba swali la kutoa lililoandikwa kwenye karatasi ni jambo lile lile. Kile kipande cha kuunganisha ndicho twisheni ya watoto arobaini haiwezi kukifanya, na mama aliyekaa naye mkekani anaweza. Dakika kumi za mwisho, mambo matatu yaliyotokea kwenye bao yaingie kwenye daftari kwa tarakimu. Hapo mume wako pia atakuwa na kitu cha kukishika mkononi na kukiona.

Kabla sijasahau, zitoe hizo korosho. Kama ni ghafi, ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi na midomo, wewe wa Mtwara unayajua, na mtoto akichoka hupeleka kitu mdomoni. Tafuta komwe nyingine, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, au kokoto laini za pwani. Na zihesabuni kila mkimaliza, zitimie 64, kwa ajili ya usalama wa yule mdogo wenu kama bado anaokota kila kitu. Kete ni saizi mbaya sana kwa koo la mtoto.

Kuhusu kumwachia ashinde: nadhani anajua. Jaribuni kubadilishana upande katikati ya mchezo, wewe uchukue kete zake naye zako. Kufungwa kutapungua uchungu, na wewe hutahitaji kujifanya.

Mama mkwe wako amekupa mambo mawili kwa pumzi moja, na mimi ningeyatenga. La dadu ni la dini. Zipo hadithi zinazokataza michezo ya dadu, wanazuoni wengi wameikataza hata bila fedha, na si haki kumwona ni mzee mwenye wivu. Mwende wote wawili kwa sheikhe mnayemwamini mumuulize, hata kuhusu kuchomoa namba kwenye kikombe badala ya dadu. Akisema hapana, bao na drafti havina dadu hata hivyo. La mwanamke kucheza bao ni desturi ya mahali na ya wakati. Sitakuambia ubishane naye. Ila ningependa kujua kama yeye, alipokuwa binti, hakuwahi kuchungulia. Muulize siku moja mkichambua mchicha. Ameitunza siri yako miezi hii yote, na mtu anayekuchukia hafanyi hivyo.

Sasa niguse pale penye jipu. Umeuliza njia tatu.

Kuendelea kimya kunaonekana rahisi, lakini tazama anayebeba mzigo. Wewe ni mtu mzima, unajua kwa nini unaficha. Yeye anachojua ni kwamba kitu anachokipenda na mama ni kitu ambacho baba akikiona nyumba itawaka. Siku baba alipomshika kichwa na kusema "hivyo ndivyo", alisifiwa kwa uongo. Na siku ikigundulika, na katika nyumba ya watu sita siri haikai mpaka upimaji upite, baba hatakasirikia bao. Atakumbuka kuku aliyemchinja na ile simu aliyopiga mbele yenu, nanyi mkijua.

Kuacha mpaka upimaji upite ni kumheshimu baba, na huenda kukamtuliza. Hatari yake ni kwamba mtoto anaweza kuelewa kuwa kile kilichomfanya asiogope namba kilikuwa kosa, hasa kama kinaachwa bila maelezo. Ukichagua hivyo, mweleze kwa nini, na zile saa za jioni usizifute. Kaa naye mkekani hata kama ni daftari tupu. Chambueni maharage muyapange kumi kumi.

Kumwambia kuna hatari yake pia, na hapa kuna jambo ambalo barua yako haikulisema nami siwezi kulikisia. Hasira ya mume wako huishia kwenye maneno na kuchana karata, au huishia kwenye mkono? Kama una shaka hata kidogo, usianze peke yako usiku. Mtafute mtu anayemsikiliza, mjomba, mzee wa familia, au huyo huyo mama yake. Kama ni maneno tu, unamjua saa zake nzuri kuliko mimi. Mimi ningeanza na deni langu kabla ya kudai changu: nilikuficha, nilimwambia mtoto akufiche, hilo lilikuwa kosa langu na si lake. Kisha ningemuuliza kuhusu mdogo wake, nikanyamaza, nikamsikiliza hadi mwisho. Inawezekana tangu lile shamba liuzwe hakuna aliyemuuliza. Bao linaweza kusubiri siku nyingine kabisa. Na ikifika siku hiyo, labda lisianze bao. Labda mtoto amuombe baba amfundishe drafti kwa vile vizibo vyake, vyumba 64, kete 12 kila upande, bila senti juu ya meza, ili baba aone kwa macho yake mchezo unavyokuwa pale ambapo hakuna anachopoteza mtu. Anaweza kukataa pia. Ana haki ya kukataa, na itabidi mkae na hilo.

Njia utakayochagua ni yako, mwanangu, wewe ndiye unayelala chini ya paa hilo. Ila lipo jambo moja ambalo halihitaji ruhusa ya mume wala ya mama mkwe, wala halisubiri upimaji. Yule binti anasubiri mtu amwambie kwamba ile siku ya Jumatano hakuwa mtoto mbaya. Mkiwa wawili tu, labda unaosha ndoo, mwambie: "Mama alikuomba ufiche, na mama alikosea. Nitalirekebisha mimi, si kazi yako." Usimpe ahadi ya lini, kama hujui lini.

Ukiniandikia tena, nieleze alijibu nini.

Shangazi